Kinu Tulichokiita Mgonjwa

Nyumba tuliyoishi ilikuwa inatetemeka. Haikuwa mbovu. Ilishikana ukuta na kiwanda cha sembe, nyuma ya mtaa wa Majengo, katika safu ya vyumba ambavyo tajiri aliwajengea wafanyakazi wake. Kinu kikiwashwa asubuhi, vikombe vya mama vilianza kugongana kabatini, taratibu, kama watu wanaonong'ona kanisani. Wageni walishtuka. Sisi tulishazoea. Mdogo wangu wa mwisho alijifunza kulala katika mtetemo ule, na umeme ukikatika mchana, kinu kikanyamaza, yeye ndiye aliyeamka na kuuliza kuna nini.

Tulikuwa watatu: mimi dada mkubwa, mdogo wangu wa kiume, na huyo kitindamimba, msichana. Baba alitangulia. Mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Baada ya mazishi ndugu wa pande zote mbili walikaa mkekani kutugawana. Baba alikuwa Mngoni wa hapahapa Songea, na kwa Wangoni watoto ni wa upande wa baba, kwa hiyo shangazi akasema atamchukua mvulana. Mama alikuwa Myao wa Namasakata, kule Tunduru, na kwa Wayao mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, kwa hiyo mjomba akasema atamchukua mdogo. Mimi nilionekana mtu mzima tayari. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Kila mmoja alipima sufuria yake na kuona inatosha mtoto mmoja.

Nilisema watabaki na mimi.

Mjomba aliniangalia sana. "Mwanangu, utawalisha nini?"

"Nitafanya kazi, mjomba."

"Na shule?"

Nikainama kukusanya vikombe vya chai, naye akaelewa. Akasema inshallah, akainuka kwenda kuswali.

Sababu yangu sikuwaeleza. Mama naye alikuwa yatima, na ndugu zake walitawanywa wakiwa wadogo. Alikuwa na kisa alichopenda kukisimulia. Siku moja akitoka kwao kwenda pwani, gari lilisimama Nakapanya, akashuka kununua ndizi. Akapatana bei na mwanamke mmoja wa pale barabarani mpaka wakaanza kutupiana maneno. Muuzaji wa jirani akacheka, akasema nyie mnagombana kwa sauti moja, mmetoka wapi? Wakaulizana. Wakakuta ni watoto wa tumbo moja. Mama alikisimulia kama kichekesho, na kila aliyekisikia alicheka. Mimi sikuwahi kukicheka. Nilikuwa nafikiria tu: kama yule jirani asingekuwepo, mama angepanda gari na ndizi zake.

Mama alikuwa mfagiaji pale kiwandani. Tajiri alinipa ufagio wake, na pamoja na ufagio akaniachia chumba. Ndivyo ilivyokuwa kwetu wote tuliokaa pale: chumba kilikwenda na kazi. Kinu kikizunguka, tuna chumba. Tukiwa na chumba, tuko pamoja. Sikuhitaji elimu zaidi ya hiyo.

Nilifagia pumba miaka mingi. Mdogo wangu wa kiume akamaliza la saba, akaingia sekondari. Mdogo wa mwisho akaanza shule. Nilikuwa na vumbi la unga kwenye nyusi kila siku, na mafundi walinitania kwamba nimezeeka kichwani kabla ya kuolewa.

Kisha vilikuja vihisi. Tajiri alimleta fundi kutoka Dar, kijana mpole, akiwa na vidude vya chuma vya ukubwa wa kiberiti, vyenye sumaku chini. Alivibandika kwenye mota, kwenye feni ya kupoza unga, na kwenye kinu kikubwa, pale juu ya beringi zinazoshika shafti, ule mhimili unaozunguka. Alituita wote akatueleza. Kila mashine inayozunguka inatetemeka, alisema. Nzima inatetemeka kidogo na kwa mpangilio. Beringi ikianza kulika, mtetemo unabadilika muda mrefu kabla ya sikio la mtu kusikia, na joto linapanda. Kihisi, mwenyewe alikiita sensa, kinaupima mtetemo na joto, kinapeleka taarifa kwenye simu. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni zima mashine.

"Kwa hiyo hii ndiyo sensa," opereta wa kinu akasema. "Mbona tulishahesabiwa?"

Tulicheka. Fundi naye alicheka, halafu akasema jambo ambalo nililishika: "Chombo hiki hakitibu. Kinasema tu."

Simu yenyewe nilikabidhiwa mimi. Msimamizi alisema mimi ndiye nisiyekosa kazini na ninalala ukutani kwa kinu. Fundi alinionyesha pa kubonyeza, akaniachia namba yake. Nikawa nafungua ile simu kila asubuhi kabla ya kuchemsha uji. Kijani. Nawaamsha watoto. Kwa muda mrefu nilihisi kama kuna mtu ananiambia mapema kwamba leo pia tutakuwa pamoja.

Ulipofika msimu wa mavuno, magunia yalipangwa hadi darini na kinu hakikupumzika. Asubuhi moja beringi ya upande wa mkanda ilikuwa njano.

Nilimwambia msimamizi. Msimamizi akamwambia opereta, na opereta akaenda kuigusa beringi kwa mgongo wa kiganja, jinsi mama anavyomgusa mtoto mwenye homa. "Maskini," akasema. Akachukua bomba la grisi, akaipa.

Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Ukisikia jirani amelala, unapika uji, unatia kwenye chupa ya chai, unakwenda kumwona, na hata kama amekwisha kunywa wa wengine, atakunywa na wako, maana kukataa ni kukurudisha na moyo wako. Ndivyo tulivyofanya. Kile kinu tukaanza kukiita Mgonjwa. Zamu ikiingia, salamu ilikuwa hiyo.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Njano."

"Basi mpe uji."

Wakampa. Zamu ya mchana ikampa, zamu ya jioni ikampa. Mpakiaji akipita na gunia alitua mzigo, akampa kidogo. Mlinzi, ambaye kazi yake ilikuwa geti, alikuja akampa. Mimi pia nilipofagia chini yake nilimpa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kama amekwisha kulishwa, kwa sababu hayo si maswali ya kuulizana mbele ya mgonjwa. Wote tulikuwa na watoto upande wa pili wa ule ukuta, au mke, au mama mzee. Tulikuwa tunambembeleza.

Njano ikazidi kukolea. Joto lilikuwa linapanda kila nilipotazama, nikampigia fundi. Nilimweleza yote, na ya grisi nikamweleza kwa fahari kidogo, ajue hatukukaa bure.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani aliwaambia mtie?"

"Hakuna. Tulimwonea huruma."

"Dada, mmemshibisha mpaka mnamuua. Beringi ikijaa grisi haipumui, inachemka. Ilikuwa imeanza tu kulika. Izimeni, ifunguliwe, isafishwe, iwekwe mpya. Msingoje."

Nilikwenda kwa tajiri nikiwa na ufagio mkononi, nilisahau kuuacha. Nikamwamkia shikamoo, nikampa simu. Alitazama ile rangi. Alisema kuna mteja mkubwa anangoja unga, na malori yako njiani. Kinu kikifunguliwa sasa, unga utatoka kwa mwingine na mteja hatarudi. Hakunifokea. Kwa kweli aliniongelesha kama mtu anayeomba.

"Chombo chako kimetaja siku ambayo kinu kitakufa?"

"Hapana, mzee."

"Basi kikitaja siku, niambie."

Nilirudi kufagia. Nilitamani kingetaja. Kilikuwa kinajua kila kitu, jinsi kinu kinavyoumwa, wapi, na kwa kiasi gani. Mimi niliyekuwa nimekishika mkononi nilijua pia, nikala ugali na kujua kwangu, nikasuka nywele za mdogo wangu na kujua kwangu. Mama alipokuwa wodini, daktari alitueleza ugonjwa wake wote, kwa upole, na picha akatuonyesha. Tulitoka pale tukiwa tunajua kabisa. Alikufa vilevile.

Iligeuka nyekundu siku ya kupakia. Nilimwonyesha msimamizi. Akasema, "Lile lundo moja tu, halafu tunazima." Nikamwambia fundi amesema nyekundu ni kuzima. Akanijibu kwamba anajua, na macho yake yalionyesha kwamba anajua. Nikakumbatia ufagio, nikasimama karibu na swichi kuu. Ningeweza kuinua mkono. Lakini mfagiaji akizima kinu cha tajiri siku ya malori anapoteza ufagio na chumba siku hiyohiyo, na kinu kikifa chumba kinapotea vilevile. Kote kulikuwa sawa. Bado nilikuwa nimesimama hapo kilipotoa sauti.

Haikuwa sauti kubwa mwanzoni. Ilikuwa kama mtu anayesaga meno. Halafu shafti ikakaza, mkanda ukakatika na kuchapa ukuta, na kile chuma kinachoshika beringi kikapasuka. Moshi wa grisi ukatujaa, mweupe, unanuka kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni. Hakuna aliyeumia. Opereta aliketi chini palepale kwenye pumba, akavua kofia, kama msibani.

Nilipofika nyumbani mdogo wangu wa mwisho alikuwa amesimama mbele ya kabati. "Dada, vikombe vimenyamaza," akasema.

Tajiri hakukitengeneza. Shafti ilikuwa imepinda, na yeye, tulikuja kujua, alikuwa na kinu kingine kipya mkoa mwingine na alikuwa akifikiria kuhamia huko kwa siku nyingi. Alitupa miezi michache, kisha tuvikabidhi vyumba. Nilizunguka mji mzima kutafuta kazi. Nilipukuchua mahindi ya watu, nilifua nguo za watu, nikachoma vitumbua nje ya soko. Tulikula mlo mmoja, halafu mdogo wangu wa kiume akaanza kusema ameshiba kabla sahani haijafika katikati, na mimi nilimfahamu vizuri. Yeye ndiye aliyenifuata siku moja nikikoroga unga wa vitumbua.

"Mpigie mjomba," akasema. "Na shangazi. Wewe hutaweza kusema, basi nitasema mimi."

Akasema yeye.

Shangazi alimchukua kabla ya mjomba kufika. Waliondoka kwa miguu, begi lake la shule likiwa na nguo. Mjomba alikuja na kofia yake ya siku zote na korosho kwenye mfuko wa nailoni. Alikaa kwenye kiti pekee kilichobaki.

"Hukushindwa, mwanangu," alisema. "Ulibeba, ukafika mpaka hapa."

Nilizipokea korosho. Mtu akibeba maji yakamwagika njiani, hata umsifu vipi, ndoo ni tupu.

Stendi, mdogo wangu alikuwa amekaa dirishani, vikombe viwili vya mama vimefungwa kwenye khanga mapajani kwake. Aliniuliza, "Dada, huko Namasakata kunatetemeka?"

"Hapana. Kumetulia."

"Sasa nitalalaje?"

Mjomba akasema atazoea. Gari likaondoka.

Baada ya hapo tajiri alinipigia. Alisema mashine zilizobaki zitaibwa zikiachwa hivihivi. Kama nipo tayari kukaa na kuangalia, chumba nibaki nacho, mshahara hana. Nilikubali. Nilijua mtu anayenisikiliza angeuliza kwa nini basi nisiwaite watoto warudi. Chumba hakiliwi. Na mjomba alisema mtoto ameshaandikishwa shule, si kuku wa kuhamishwa hamishwa, na alikuwa na haki.

Misimu ya mavuno imepita. Juzi nilipiga Namasakata. Simu ilipokelewa na sauti ya mtoto wa kike iliyokuwa inavuta maneno kama watu wa Tunduru. Niliitambua mara moja.

"Ni mimi, dada," nikasema.

"Dada yupi?"

Kwa mjomba kuna dada wengi, mabinti zake. Halikuwa swali baya. Nyuma yake nilisikia watoto wanacheka na sufuria inakwanguliwa. Nikamwambia, "Dada wa kinuni." Akasema "Aaa, shikamoo dada," kwa adabu, jinsi anavyofundishwa, na akaniuliza habari za huku. Nikamwambia nzuri.

Asubuhi yake nilifagia kiwanda kama kawaida, ingawa hakuna pumba, ni vumbi la bati na vinyesi vya popo. Nilipanguza kile kihisi kilichobaki kimeshika pale kwenye chuma kilichopasuka. Betri yake haijaisha. Fundi alisema inadumu miaka. Nikafungua simu. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, hakuna kinachotetemeka wala kupata joto, na chombo kinasema ukweli wake kama kilivyotengenezwa.

Kijani, na beringi zote ziko salama.