Magoli Saba na Jibu la Posa

Siku tano za wiki nimeajiriwa kunyamaza. Nafanya kazi katika chumba cha kumbukumbu cha wizara moja kule Maskati, chumba kisicho na dirisha, majalada yamepangwa mpaka darini, na mkubwa wangu ni mtu ambaye kalamu ikianguka huinua kichwa kama aliyesikia bomu. Kwa siku nasema maneno arubaini, na nusu yake ni salamu. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, nashika maiki, na hapo ndipo Mungu hunirudishia haki yangu.

Mimi ni mtangazaji wa mpira. Si wa redio wala wa televisheni. Hao wana viyoyozi. Mimi natangaza mechi za Ijumaa kwenye uwanja wa mchanga karibu na ufukwe wa Qurum, ambapo sisi wenye asili ya Unguja na wenzetu wenye asili ya Bara hupimana ubavu. Wazee wetu walirudi Oman na masanduku yao, na ubishi wao nao wakaubeba. Nimetangaza miaka ishirini na miwili. Nilianza siku ambayo mwenye spika alikaukiwa sauti kwa kumzomea refa, akanipa maiki nimshikie dakika mbili. Mpaka leo sijamrudishia.

Kazi hii kwetu ina taabu moja ambayo watu wa televisheni hawaijui. Majina yetu ni machache. Siku ile ya kwanza nilikuta upande mmoja una wachezaji watano wa jina moja, na wawili kati yao hata majina ya baba ni yale yale. Nikawa natangaza, anachukua fulani, anampa fulani, fulani anamrudishia fulani, na fulani ni yule yule. Aliyefumba macho angedhani uwanjani yuko kijana mmoja anajipasia mwenyewe. Kipindi cha pili niliyatupa majina yote, nikawataja watu kwa nyumba zao, kama wanavyotajwa na mama zetu.

“Mpira kwa kitindamimba wa nyumba ya geti la kijani! Anampelekea mkwe wa daktari wa meno. Mkwe wa daktari wa meno hana haraka. Mwenye haraka ni daktari, anataka mjukuu!”

Watu hawakuwa na mbavu. Tokea hapo nikajua njia yangu. Beki wetu mnene akianza kukimbia nasema ameondoka, na Mungu akijaalia kesho adhuhuri atafika. Mtu akijiangusha namfuata kwa makini: “Ameshika goti la kulia, maskini. Sasa ameshika la kushoto. Ndugu zangu, maumivu yamehama.” Refa wetu ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na hakubali goli mpaka akague hatua zote. Huyo simgusi sana, kwa sababu alinifundisha, na alama alizonipa anazikumbuka.

Hadhira yangu ni wanaume waliokaa kwenye viti vya plastiki, na wanawake waliokaa ndani ya magari yaliyopangwa ukingoni, vioo juu, viyoyozi vinanguruma, kioo kimoja kimeshushwa kidogo ili sauti yangu ipite. Na msikilizaji mmoja yuko mbali. Mama yangu anakaa Darsait, orofa ya tatu, magoti yamemkataa, na lifti ya jengo lile inafanya kazi ikipenda. Baba alipofariki na eda ilipokwisha, mama aliniambia, “Ijumaa nipigie simu, nisikie huo upuuzi wenu.” Basi nikawa naifunga simu pamoja na maiki kwa mpira wa kufungia, nashika vyote kwa mkono mmoja, na mama kule kwake anaitia simu yake ndani ya sufuria ili sauti ijae. Sauti ya upande wake naizima, maana mtangazaji haingiliwi. Mechi ikiisha nampigia tena kumuuliza, naye hunijibu neno moja.

“Nimesikia.”

Miaka minne, nimesikia, basi. Ikiwa ni sifa au lawama, sikupata kujua, na kwa mtu anayependa sifa kama mimi hiyo ni adhabu.

Sasa, mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliposwa.

Kwetu posa haijibiwi siku ile ile. Ukijibu haraka watu watasema binti alikwishawachosha. Barua inapokelewa, mnasema tutafikiri, kisha wanawake wa nyumba wanaingia kazini. Kijana anaulizwa kwa majirani, kwa wenzake wa kazini, kwa fundi anayemshonea kanzu. Zikipita wiki mbili tatu anatumwa mama mtu mzima kupeleka jibu, na hata likiwa zuri hulisema kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa. Mpelelezi mkuu wa nyumba yetu siku zote amekuwa mama. Akisema hapana, dada yangu hapingi, na shemeji yangu, baba wa binti mwenyewe, anamwogopa mama mkwe kuliko anavyoiogopa Jumapili asubuhi ya kurudi kazini.

“Sina magoti ya kupanda ngazi za watu,” mama aliniambia. “Huyo kijana si yumo kwenye mpira wenu?”

“Yumo. Kipa wa Bara.”

“Basi Ijumaa ntamtazama kwa mdomo wako. Unambie vilivyo. Usitie chumvi, usipunguze. Na hiyo sauti yangu usiizime, safari hii nna masuala.”

Kijana ni mfamasia, mpole, anasali, kanzu yake siku zote safi. Kwa ukwe, hana kasoro. Kwa ukipa, ni baraza ya sikukuu: kila anayekuja anaingia.

Siku moja kabla ya mechi mpwa wangu alinisubiri nje ya ofisi, akaingia ndani ya gari langu na sahani ya vileja mapajani.

“Mjomba, mie namtaka huyu. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe.”

“Umewahi kumwona anavyodaka?”

“Mjomba, mie simtaki kwa kudaka.”

“Bibi yako atamtazama kwa hiyo hiyo kudaka.”

“Basi msifu.”

“Sijapata kusema uongo kwenye maiki.”

“Mjomba! Ijumaa iliyopita umesema beki wenu ana kasi.”

“Nilisema ana kasi ya kuchoka.”

Hakucheka. Macho yalimjaa machozi akageukia dirishani. Hapo nikaona jambo si mchezo. Mtoto huyu nimemfundisha kuendesha baiskeli, na sasa furaha yake imewekwa kinywani mwangu, na kinywa changu ndicho hiki. Nilivila vileja, nikaahidi kujitahidi.

Ijumaa ikafika. Meza yangu niliiweka nyuma ya goli la Bara, nione vizuri. Mama nikampata hewani, nikafungua sauti yake, nikafunga simu na maiki pamoja kama kawaida yangu, na wala sikufikiria kwamba simu inayosema karibu na maiki itasikika mpaka baharini. Mtu wa miaka ishirini na miwili kazini.

Dakika ya tatu goli la kwanza liliingia.

“Kipa ameuona mpira, ameutambua, ameupisha kwa heshima. Kijana ana adabu!”

La pili. “Hana choyo. Alicho nacho, na wenzake wapate.”

La tatu lilipita katikati ya miguu. “Lakini tazameni alivyosimama wima! Mgongo mzima, mifupa mizima, masha Allah.” La nne aliruka kulia, mpira ukaenda kushoto. “Ana msimamo wake, hayumbishwi na mpira.” La tano lilipoingia nilikwisha kuishiwa, nikasema, “Ameufuata mpira wavuni mwenyewe. Hakumwagiza mtu. Huyu ni mwanamume wa kujitumikia!”

Watu walianza kugeuka. Muuza mishkaki, ambaye hunisikiliza huku anapepea makaa, alinijia na kunishika paji la uso.

“Una homa?”

Nilikuwa najikaza kisabuni. Heshima yangu yote ya miaka mingi ilikuwa inavuja kama maji kwenye pakacha, na mwenye kosa yuko pale langoni anarekebisha soksi. Kisha likaja la sita. Mpira ule haukupigwa, ulisahauliwa tu na mtu mguuni, ukawa unabingirika. Bibi yeyote angeuzuia kwa bakora. Kipa akauona. Akajiandaa. Akainama. Mpira ukampita pembeni, taratibu, ukaingia, ukatulia wavuni.

Nikashindwa. Nakiri. Ulimi uliniteleza.

“Sasa basi! Wallahi basi! Mpira huu ulikuwa na muda wa kuuliza njia! Huyu ukimpa mpira mkononi atakuuliza ni wa nani! Na huyu ndiye mfamasia wetu? Kama dawa anazishika hivi, wagonjwa wa mji huu wanaviokota vidonge sakafuni!”

Uwanja mzima ulilipuka. Mwalimu wa hesabu aliinama akashika magoti. Na mimi, maneno yakiwa bado hewani, nikamkumbuka mpwa wangu na macho yake, nikatamani mchanga unimeze.

Hapo ndipo nilipokisikia kicheko kimoja kimezidi vyote. Alikuwa kipa. Ameukumbatia mwimo wa goli, anacheka mpaka analia, anajipangusa kwa glavu. Akaja mpaka kwenye meza yangu, hawezi hata kusimama sawa.

“Ami, umenionea huruma sana! Lile la tatu hukulisema lilivyokuwa. Nilifumba macho!”

Akacheka tena. Na kwenye spika, kwa sauti kubwa kuliko yangu, sauti ya mama ikasema:

“Nani huyo anacheka?”

Mpira ulikuwa umekwisha kuanzishwa upya, lakini nusu ya wachezaji wakasimama. Nilitaka kuizima simu. Nikabonyeza pasipo penyewe, sauti ikazidi.

“Nnakuuliza wewe. Nani anacheka?”

“Ndiye, mama.”

“Ndiye nani?”

“Kipa.”

“Kafungwa mangapi?”

“Sita.”

“Nawe umemsema vile mbele za watu, naye yu hapo anacheka?”

“Anacheka, mama. Lakini uko kwenye spika, watu wote wana...”

“Hakununa?”

Nikamtazama kijana. Alikuwa ameacha kucheka. Glavu ameziweka kifuani, uso umemsawijika, maana sasa alikwisha kuelewa aliye kwenye simu ni nani.

“Hakununa,” nikasema.

“Basi mwambieni mamaake tumekubali. Khalas.”

Jibu la posa, jamani! Lile la kupelekwa na mtu mzima, kwa sauti ya chini! Lilisikika mpaka barabarani. Kioo cha gari moja kikashuka chote, kikatoka kigelegele cha mama wa kijana, na magari mengine yakajibu kwa honi. Kipa alibaki ameganda, mikono kichwani, ameligeuzia goli mgongo. Mshambuliaji wetu, mtoto wa nyumba isiyo na haya, akaona lango tupu akapiga kutoka katikati ya uwanja. La saba. Mwalimu wa hesabu alilikagua, akaliandika.

“Mama,” nikasema, “ungengoja tukazungumza nyumbani.”

“Ningoje nini? Mie baba yako, Mungu amrehemu, nimekaa naye miaka hamsini na mmoja. Mwaka wa kwanza aliteleza mlangoni na sinia la halwa, wageni wamejaa, mie nikacheka. Alininunia miezi mitatu. Mtu mwema, hakunikosesha kitu. Lakini tokea siku ile nikishikwa na kicheko naingia jikoni, nafunga mlango, nangoja kipite. Huyo mtoto wa dada yako sitaki afunge mlango.”

Hata makaa ya mishkaki niliyasikia. Nilikuwa na maiki mkononi, watu wote wananitazama mimi, mwenye neno kwa kila jambo, na sikuwa na neno. Nilikuwa nafikiria mlango ule wa jikoni. Tulipokuwa wadogo ukifungwa, tuliambiwa mama anakaanga samaki, tusiingie, mafuta yataturukia.

“Mbona kimya? Endelea. Umeniacha goli la sita.”

“La saba, mama.”

“La saba limeingia saa ngapi?”

“Ulipokuwa unakubali posa. Kipa alikuwa anakusikiliza wewe.”

Spika ilikwaruza kidogo. Kisha ikatoka sauti nyembamba, ya kitoto, inapanda, inakatika, inavuta pumzi, inaanza upya, na ndani ya sufuria ile ilikuwa inavuma. Watu wakaanza kucheka kwa kuisikia tu. Muuza mishkaki akaniuliza ni nani huyo, ni yule binti anayeposwa?

Nilimwambia sijui. Nina miaka hamsini na mitatu, na ndiyo kwanza namsikia mama yangu anacheka.