Kuriakose Aliyejifelisha

Kuriakose hakuwahi kufeli mtihani wowote maishani mwake mpaka alipofikisha miaka arobaini na sita, na huo aliofeli alijifelisha mwenyewe, kwa hiari yake, mdomoni ana kipande cha ndizi ya kukaanga.

Baba yake alikuwa na miti michache ya mpira upande wa Kottayam, kusini mwa India, akaikamua utomvu mpaka mgongo ukapinda ili mwanawe asome. Mwana akasoma kompyuta, wakati ambapo watu wengi wa parokia yao walidhani kompyuta ni televisheni ya kizungu. Alipomaliza akaenda Kochi, akaajiriwa na kampuni iliyokuwa vyumba viwili tu juu ya duka la mikate, ikitengeneza programu za hospitali. Walifanya kazi wakinukia mikate, joto la tanuri likiwapanda miguuni. Mfumo wa kwanza kabisa, ule ambao hospitali nyingi zinautumia mpaka leo, robo yake aliuandika yeye.

Miaka ikaenda. Kampuni ikanenepa, ikanunuliwa na matajiri wa Bengaluru, ikahamia Kakkanad kwenye jengo la vioo vitupu. Ukutani pakaandikwa kwa herufi za rangi ya chungwa: SISI NI FAMILIA MOJA. Jumatano yoga, Ijumaa aiskrimu, na vyumba vya mikutano vikapewa majina ya mito. Vijana wakawa wanaingia kila mwaka, na wote walimwita Kuriakose chetta, kaka mkubwa, kwa sababu ndiye waliyemkimbilia kazi ilipowashinda.

"Lakini hii familia gani," alikuwa akiwatania, "inayowapanga watoto wake kwa madaraja kila Machi?"

Machi ulikuwa mwezi wa tathmini, na ukifika, hata kantini ilipooza. Sheria ya Bengaluru ilisema kila kikundi kiwe na wachache wa juu, wengi wa katikati, na mmoja wa chini. Wawe wamefanya vizuri wote, wawe wamekesha wote, mmoja lazima azame. Aliyezama hapandishwi mshahara, na kama bado ni mgeni, huwekwa chini ya uangalizi. Wengi waliowekwa huko hawakutoka salama.

Msimamizi wa kikundi chao alikuwa Sreelekha, mwanamke aliyefundishwa kazi na Kuriakose huyo huyo, zamani, juu ya duka la mikate. Machi hiyo alimvuta nje ya geti, kwenye kibanda cha chai, akaagiza chai na ndizi, kisha akawa anaitazama chai yake inavyopoa.

"Sema, Sree. Umekuja kunikopa au kunifukuza?"

"Chetta, wananidai jina la wa chini. Wengine wote nimewapanga, aliyebaki ni Nijas."

Nijas alikuwa kijana wa Malappuram, mwembamba, mwepesi wa kazi, bado mgeni kazini, ila mwaka ule alikosa siku nyingi. Mama yake alikuwa anasafishwa damu kwa mashine, na bima iliyolipa ilikuwa ya kampuni.

"Ukimweka Nijas chini, mama yake anakwenda na maji," Kuriakose alisema.

"Najua. Ndiyo maana silali."

Kuriakose alichukua ndizi, akaikata kwa meno. "Niandike mimi."

"Usinifanyie masihara."

"Masihara gani? Mimi ni mzee wa humu. Nani ataniweka chini ya uangalizi, mlinzi? Nitakosa nyongeza ya mwaka mmoja, basi. Leta hiyo simu tuandike sababu, maana najua wanataka sababu."

Wakaandika wote wawili, vichwa vimeinamia simu ya Sreelekha. Kuriakose ndiye aliyetunga. "Andika: mzito wa kushika mambo mapya. Ongeza: hana ari, husubiri kuambiwa."

"Na hapendi kushauriwa," Sreelekha akachomekea.

"Ee! Hiyo sasa ni kweli!" Wakacheka mpaka muuza chai akawageukia.

Mwaka wa pili Sreelekha hakuhitaji kueleza. Alinunua chai, Kuriakose akaelewa, maneno yakawa yale yale. Mwaka wa tatu hata chai haikuwepo. Ulikuja ujumbe tu kwenye simu, yeye yuko foleni ya kantini: *Kama kawaida, chetta?* Alisimama na sahani mkononi akiusoma. Akausoma tena, foleni ikimpita. Akajibu: *Sawa.*

Nyumbani hakusema. Mkewe Lissy alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa hesabu zilizonyooka. Binti yao Anju alikuwa anasomea uuguzi Mangalore, na ada ilikuwa inawakaba.

"Ichaya," Lissy alimwambia, kwa jina ambalo wake wa kwao huwaita waume zao, "hii kampuni imekuwaje? Wenzako wananunua magari, wewe miaka mitatu uko pale pale."

"Biashara mbaya."

"Mbaya kwako peke yako?" Akaendelea kukuna nazi. Tangu hapo aliacha kuuliza. Ila Kuriakose alimsikia siku moja akimwambia dada yake kwenye simu: "Si mtu mbaya. Amechoka tu. Hajitumi tena." Aliyasikia akiwa sebuleni, gazeti mkononi, na gazeti akaendelea kulisoma.

Mwaka wa nne, kabla ya Machi kufika, Bengaluru ilileta mkuu mpya, na mkuu mpya akaleta amri mpya: aliyekuwa wa chini mara tatu mfululizo, aondoke.

Walimwita saa nne asubuhi katika chumba kilichoitwa Periyar. Ndani alikuwemo Devika, ofisa utumishi, msichana wa umri wa binti yake, na pembeni yake Sreelekha, macho yamekwama mezani.

"Sir, karibu ukae. Maji?" Devika alianza vizuri, kama alivyofundishwa. Kisha akafungua kompyuta yake. "Kampuni inathamini mchango wako. Lakini kumbukumbu zetu zinaonyesha tatizo la muda mrefu. Mwaka juzi uliandikwa: mzito wa kushika mambo mapya. Mwaka jana: hana ari, husubiri kuambiwa. Hapendi kushauriwa..."

Alisoma taratibu, kwa huruma kabisa, akiamini kila neno.

Kuriakose alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Sentensi zile alizijua kama mtu anavyojua watoto wake. Kibandani zilikuwa mzaha, lakini mdomoni mwa msichana huyu zilisikika kama ukweli, na ghafla alijiuliza kama huenda zimekuwa kweli bila yeye kujua. Alimgeukia Sreelekha. Akamsubiri. Neno moja tu lingetosha.

Sreelekha alikuwa anabandua ngozi pembeni ya ukucha wa kidole gumba. Hakuinua uso.

"Tunapendekeza uandike umejiuzulu mwenyewe, sir," Devika alisema. "Barua yako ya utumishi itasomeka vizuri zaidi."

"Nikikataa?"

"Itasomeka... vibaya, sir."

Nje ya kioo alimwona Nijas mezani kwake, vipokea sauti masikioni, kainamia kazi kuliko siku zote. Kuriakose alielewa kwamba akifungua mdomo sasa, kinachofuata kwenye kompyuta ya msichana huyu ni jina la kijana yule. Akaomba kalamu.

Sreelekha alimkimbilia kwenye korido. "Chetta, jana jioni nilikwenda kwa mkuu. Nilimwambia si kweli. Akaniambia, kama uliongopa kwa huyu, niambie wa chini wa kweli alikuwa nani. Ningemtaja nani, chetta?"

"Hukukosea," Kuriakose alijibu. Lakini hakumwangalia, na alipoushika mkono aliopewa, aliuachia upesi.

Nijas ndiye aliyembebea boksi hadi kwenye lifti. "Chetta, mimi..." Simu yake ikalia. Akaiangalia, akamwangalia chetta wake, akaiangalia tena. "Kikao, chetta. Wananisubiri."

"Nenda, wasikuandike umechelewa."

Lissy alikuta boksi juu ya meza ya kulia. Kuriakose alimweleza yote tangu mwanzo, na alipokuwa akieleza alitumaini, tuseme ukweli, kwamba mwishoni mkewe atamshika mkono na kusema ana mume mwema. Lissy alisikiliza akiwa amesimama, mkoba bado uko begani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hukuwapa cha kwako, Ichaya. Uliwapa cha kwetu. Cha Anju." Sauti yake ilikuwa chini, na Kuriakose angependa zaidi kama angepiga kelele. "Na hilo nitalisamehe, maana mama wa watu alikuwa mgonjwa. Lakini miaka mitatu nimelala na wewe nikikuona mvivu. Nimekusema vibaya kwa ndugu zangu. Uliniona ninavyokudharau, ukaniacha nikudharau. Sreelekha ulimwamini na siri yako. Mimi ulinionaje?"

Usiku ule Lissy alilala chumba cha binti yao.

Alitafuta kazi. Vijana waliomhoji walimwita sir, wakamuuliza mambo aliyokuwa akiwafundisha wenzao, wakaahidi kupiga simu. Mmoja, muungwana, alimnong'oneza kwamba kila wakiuliza kazini kwake kwa zamani, jibu ni moja: hana ari. Mvua zilipoanza wakaiacha nyumba ya kupanga, wakarudi Kottayam kwenye nyumba ya marehemu baba. Lissy alipata shule ya kufundisha. Kuriakose akawa anatunza kompyuta ya duka la vigae la binamu yake, akiwauzia watu sinki na vyoo. Walikaa pamoja kwa amani, wakisemeshana kuhusu chumvi na mvua. Cha ndani hawakukigusa.

Baada ya Machi nyingine kupita, Sreelekha alikuja. Alikuwa amekonda. Lissy alimpa kiti na chai, akasimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani.

"Nimeacha kazi, chetta."

"Kwa nini?"

"Walitaka jina." Alishika kikombe bila kunywa. "Safari hii nilikuwa peke yangu. Nikaandika Nijas. Kwa mkono huu."

Kuriakose alihisi kama mtu amemwondolea kiti alichokalia. Mwaka mzima, kila alipowafungashia watu vigae, alijifariji na kitu kimoja: kwamba walau Nijas amebaki pale.

"Na mama yake?"

"Bima imekatika. Wanachangishana msikitini."

Sreelekha alianza kulia kimya kimya, kama mtu aliyekwisha lia sana kabla ya hapo, kisha akaomba radhi, kwa Lissy si kwa Kuriakose, akaondoka kuwahi basi.

Kuriakose alitoka akakaa kwenye ngazi ya mbele. Muda ukapita. Lissy akaja na simu yake, akamnyooshea.

"Mpigie huyo kijana."

"Nimwambie nini?"

"Sijui. Mpigie."

Nijas alipokea upesi, kama aliyekuwa akisubiri simu ya mtu mwingine. "Chetta," alisema. "Chetta, nimeshindwa. Wameandika sina ari."

"Hayo maneno si yako, Nijas. Unanisikia? Niliyatunga mimi."

Upande wa pili ilisikika pumzi inayokatika, halafu kilio cha mwanamume asiyejua kulia. Kuriakose hakukata simu. Lissy alikusanya sari yake, akakaa ngazi ile ile karibu naye, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Kochi, na wote wawili wakamsikiliza.

Miezi miwili baadaye mama yake Nijas alizikwa. Kuriakose na Lissy walikwenda Malappuram kwa basi, wakasimama nyuma pamoja na majirani. Kutoka kwenye kampuni, hawakumwona mtu.