Risasi ya Redio Kwenye Mkufu wa Fedha

Saa nne asubuhi, jua limeshawaka kijijini Wawi, sonara Bi Mwanamize Nyange anafunga madirisha. Fedha ikishika moto hubadili rangi, na rangi hiyo huonekana kwenye giza. Mwangaza ukizidi, sonara hajui moto umefika wapi mpaka fedha imeyeyuka.

"Majirani wanasema nafuga majini humu," anacheka mama huyu wa miaka 61.

Mbele yake umelazwa mkufu mwembamba wa fedha. Mteja wake, Bi Saada Khatib, aliurithi kwa mama yake aliyefariki mwaka jana. Alhamisi binti wa Bi Saada anaolewa, na ndio atakaouvaa.

Tatizo ni kiungo kimoja. Kilikatika zamani, kikaungwa kwa risasi, ile madini laini ya kuungia nyaya za redio. Risasi ikipata moto wa sonara huila fedha, ikaacha matundu.

Kwa siku mbili Bi Mwanamize ameikwangua. Kazi kama hii humpa shilingi elfu kumi, na wiki nyengine haiji hata moja.

"Bado tu?" anauliza Bi Saada, aliyekaa mlangoni tangu asubuhi.

"Weye Saada, mwana ulimchukua miezi tisa. Mkufu waukimbizia nini?"

Anapaka tenakari, unga mweupe wa kuitambaza lehemu, yaani fedha ya kuungia. Kipande cha lehemu chenyewe ni kidogo kuliko chenga ya mchele. Kisha anatia mdomoni bomba la shaba, urithi wa marehemu mumewe, Mzee Mmanga, aliyemfundisha kazi. Anapuliza mwali wa taa uelekee kwenye kiungo, huku akivuta pumzi kwa pua, ulimi wa moto usikatike.

Fedha inaiva. Ghafla lehemu inang'aa kama maji na kukimbilia kwenye ufa.

Mkufu unatumbukizwa kwenye maji ya ukwaju yanayoutakasa. Hauna tundu hata moja. Bi Saada anaubusu, machozi yanamtoka, kisha anakumbuka hasira.

"Ni Ishak, yule fundi redio, aliyetia risasi ile! Namwendea leo leo."

"Mwache. Kiungo kidogo namna hii, na cha jirani yake hakukigusa. Kakosea dawa ya kuungia, mkono wa kazi anao."

Bi Mwanamize anakohoa. Pumzi zimeanza kumpungua, na hajapata wa kumrithisha bomba.

"Nshampelekea Ishak salamu," anasema, akifungua dirisha. "Jumamosi aje. Risasi yake aiache kwao."