Jumapili za Mjomba Asiyesali

Mwezi uliopita nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kwa arusi ya binamu yangu. Asubuhi, kabla nyumba haijajaa wageni, nikatembea mpaka mahali palipokuwa kiwanja cha bibi. Sasa ni gereji ya pikipiki. Nilisimama kando ya barabara bila kujua natafuta nini. Mara upepo wa ziwa ukaniletea harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, zilizoanikwa mchangani, na papo hapo, rafiki yangu, nikawa tena mtoto mwenye vumbi miguuni na mchi mkononi.

Jumapili za wakati ule zilikuwa na sauti zao. Kwanza nyimbo za misa kutoka parokiani, kisha ukimya mrefu wakati watu wanarudi nyumbani na viatu vyao mkononi, kisha kinu changu. Kutwanga sombe, majani ya muhogo, ilikuwa kazi yangu. Bibi aliketi kwenye kigoda akichagua mchele, mafuta ya mawese yakilainika juani katika chupa karibu naye. Ng'ambo ya ghuba milima ya Ubwari ilielea katika ukungu. Mimi niliamini kwamba huko ndiko mbinguni, kwa sababu watu walikwenda kwa mtumbwi na wengine hawakurudi.

Karibu na saa sita walianza kufika. Wa kwanza alikuwa mjomba, kitinda mimba wa bibi, mwalimu wa shule kule Lubondja. Alikuja kwa pikipiki ya kukodi, shati limechomekwa vizuri, na kila mtu alijua kwamba hakupitia kanisani. Alikuwa amelelewa na mapadri tangu udogoni, akasoma vitabu vyao vyote, na siku moja akaacha kusali kama mtu anavyoacha sukari. Wa pili alikuwa katekista, jirani yetu, fundi wa kujenga kwa matofali, mtu wa sauti kubwa asiyependa kushindwa hata katika mchezo wa karata. Wa tatu alikuwa mama wa maziwa. Yeye alishuka kutoka Bibokoboko na vibuyu vyake, Mprotestanti wa kweli kweli, na akishauza maziwa alipumzika kwetu kabla ya kuupanda tena mlima.

Walikula sahani moja pamoja na bibi, bugali na sombe na samaki, na walipokuwa wananawa mikono vita vilianza.

"Baba katekista," mjomba alikuwa akianza kwa adabu kubwa, "mi sikatai Mungu. Nauliza tu. Kama hii habari ni njema, juu ya nini ilikuja pamoja na fimbo?"

"Fimbo ilikuwa ya Serikali ya wazungu, mwalimu."

"Zilishuka mu boti moja."

"Muntu mwenye kuleta maji anaweza kuwa mubaya. Maji inabakia maji."

"Na kama maji ilikuwa hapa tayari? Hata jina la Mungu ku Kibembe, si wao walileta. Walilikuta kwetu, wakaliweka mu kitabu yao."

Hapo bibi aliniambia, "We mutoto, twanga polepole, nisikie." Nikaushusha mchi taratibu, sombe ya jioni ikilia fyu, fyu, kama mtu anayetembea matopeni.

Kuna Jumapili moja naikumbuka kuliko zote. Walikuwa wakibishana juu ya kaburi lililokutwa wazi Pasaka ya kwanza. Mjomba alisema kitabu kimoja kinataja malaika mmoja, kingine wawili, na wanawake waliokwenda kule hawafanani. Katekista alianza kupandisha sauti. Mama wa maziwa akaingia kati, polepole, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyarwanda.

"Ukiuliza batoto yangu ngombe ilizaa namna gani jana, huyu atasema ilizaa asubuhi, ule atasema saa sita, mwengine atasema alikuwa peke yake. Lakini ndama iko."

Katekista alipiga paja kwa furaha. Mjomba naye alicheka, akamtazama yule mama kwa heshima, kisha akasema, "Basi mama, munionyeshe ndama."

Nilisikia kuku wakichakura nyuma ya jiko. Ndipo bibi alipoweka chini ungo wake, akasema neno ambalo hakuwahi kulisema mbele yetu.

"Mi niliona mapadri wakiunguza sanamu za mababu, zile za baba yangu. Nilikuwa kadogo kama huyu. Walisema ni mashetani. Lakini zile nzuri zaidi hawakuunguza. Walizifunga na pamba mu sanduku, wakaenda nazo kwabo."

Mjomba aligeuka kwa haraka. "Mama, na bado unasali?"

"Ile siku baba alilia," bibi akasema. "Usiku akasali. Mi nilisali naye. Ile sala haikukuwa ya mapadri tena. Ilikuwa ya baba."

Akauchukua ungo wake. Siku hiyo hawakuendelea kubishana, walikunywa maziwa tu. Nakumbuka mjomba alishika kikombe chake muda mrefu bila kunywa.

Miaka michache baadaye alianza kukohoa. Walimleta kutoka Lubondja kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva asianguke. Bibi alimlaza katika chumba kinachotazama ziwa. Alipoona siku zake zinaisha, alimwambia mama yake, "Wakinizika, wasiniombee. Watasema nilirudi saa ya mwisho. Sikurudi."

Bibi alitoka, akaketi jikoni. Sikuwahi kumwona na sura ile. "Mbinguni nitakaa na nani?" akaniuliza, kana kwamba mimi ningejua.

Akamwita katekista aende kumbadilisha nia. Mchana wote tuliwasikia wakibishana kule ndani, sauti moja kubwa na moja ya pumzi, na mara mbili tatu tulisikia kicheko. Katekista alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Amekubali?" bibi akauliza.

"Hapana, mama."

"Na we ulimwambia nini?"

"Nilimwahidi."

Bibi hakumsemesha tena. Mjomba alipokufa, bibi na katekista walibeba msiba mmoja bila kutazamana.

Makaburini watu walijaa, wanafunzi wa Lubondja, wavuvi, watu wa parokia. Mama wa maziwa alikuwa ameshuka mlima bila vibuyu. Wote waligeuka kumtazama katekista, wakingoja aanze. Alivua kofia yake.

"Huyu ni mwana wa huyu mama," akasema. "Alifundisha batoto wetu kusoma. Aliniuliza mambo nilishindwa kujibu. Aliniomba nisimuombee, na mi siko muntu wa kudanganya mufu."

Akarudisha kofia kichwani. Baadhi ya watu walinung'unika. Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mi sikuahidi kitu." Akapiga magoti mchangani, akamwombea mtoto wake peke yake, kwa Kibembe. Katekista alisimama karibu naye na midomo imefungwa, akamsaidia kuinuka.

Nilipokuwa msichana mkubwa, nikijiandaa kwenda Bukavu kusoma, nilimwuliza katekista swali lililonisumbua siku nyingi. Je, siku ile hakumwombea mjomba hata moyoni? Alikuwa akichanganya saruji. Aliacha chepe, akafikiri.

"Nilitaka sana," akasema. "Lakini kama mbingu haiko, ingekuwa kazi ya bure. Na kama iko, angenisikia, angesema nimevunja ahadi. Tungeanza tena kubishana."

Alicheka, kisha akageuka upande, akaanza tena kukoroga saruji kwa nguvu nyingi kuliko ilivyohitaji.

Wote wameondoka sasa. Bibi alimfuata mwanawe, katekista akafuata. Mama wa maziwa sijui aliko. Vita vya bunduki vilipofika, njia ya Bibokoboko iliingia hofu, na watu wa juu mlimani na wa chini ziwani wakaacha kutembeleana. Imani bado ipo Baraka, na wasioamini nao wapo, nimewaona, kila mmoja na watu wake. Nisichokiona tena ni ile sahani moja, mikono yao minne ikikutana katika sombe, kila mmoja akiwa na hakika kwamba wenzake wamekosea, na akiwasukumia kipande cha samaki.