PDF yangu ya JavaScript ilivyobana libaya kumi na nane kule Kamituga

Wakuu, salamu kutoka Bukavu, kwenye mvua na umeme unaokuja ukijisikia.

Kiswahili changu mtakiona kimechanganyika na Kifaransa, mnivumilie, ndivyo tunavyoongea huku. Ninachosimulia kilinipata mwenyewe. Na sehemu inayoniaibisha sitairuka, maana bila hiyo hakuna uzi.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliishia katikati ya sekondari. JavaScript nilijifunzia kwenye simu, halafu kwenye laptop ya zamani ambayo herufi M imeng'oka, nabonyeza kile kimpira cha chini. Mchana nauza fotokopi kwenye kibanda karibu na soko la Nyawera. Ndoto ninazo nyingi, kibanda chenyewe hakizitoshi.

Sasa tuingie kwenye mambo.

Mdogo wake mama, Tantine Faida, ni fundi wa nguo mtaa wa Cimpunda. Anajulikana kwa libaya, ile blauzi ambayo akina mama wa kwetu wanavaa juu ya kitenge. Patron zake, yaani vile vipande vya karatasi anavyovifuata akikata kitambaa, amevikata kwenye mifuko ya simenti na kuvitundika kwenye misumari. Za miaka mingi. Watu wanasema libaya ya Faida inakukaa kama umezaliwa nayo.

Alikuwa na mwanafunzi mmoja, Nsimire, aliyekaa naye miaka mitatu. Nsimire akaolewa, akamfuata mume Kamituga, kule kwenye dhahabu. Akaanza kushona huko kwa jina la Tantine. Kila alipohitaji patron, tulikuwa tunazikunja na kumpa mtu wa moto, yaani pikipiki, azipeleke. Barabara ile wanaoijua wanaijua. Mara mbili zilifika zimelowa, hata hazikunjuki.

Basi nikapata wazo. Nitengeneze ukurasa wa web, unaandika vipimo (kifua, kiuno, urefu), JavaScript inachora patron, unabonyeza, inatoka PDF. Nsimire anaipokea WhatsApp, anaichapisha hukohuko.

Tatizo ni kwamba mgongo wa libaya hauingii kwenye karatasi ya A4. Lazima PDF iwe na kurasa nyingi, uzigundishe pamoja.

Jaribio la kwanza nilifanya kama wengi tunavyofanya. Nikachukua library inayopiga picha ya ukurasa mzima, halafu nikaikata ile picha kama mkate, kila kipande ukurasa wake. Aibu tupu. Laini zilikuwa na ukungu, maandishi yamekatwa kati, nusu huku nusu kule, na faili zito kiasi kwamba kwa network ya Kamituga lingefika na mvi.

Nikaachana na picha. Nikachora laini moja kwa moja ndani ya PDF, kila kitu kwa milimita. Ni loop tu, wakuu. Unachora patron yote kwenye ukurasa wa kwanza, kinachozidi karatasi hakionekani. Unaongeza ukurasa, unachora yote tena lakini umeisogeza kushoto kwa upana wa karatasi moja. Hivyo hivyo mpaka mwisho, kisha unashuka mstari wa chini. Libaya moja ikatoka kurasa kumi na nne, nikazipa majina A1, A2, B1, ili mtu ajue ipi inafuata ipi.

Ili kupunguza karatasi, nikachora mpaka ukingoni kabisa. Sikuacha nafasi hata kidogo.

Nikachapisha mwenyewe pale kibandani. Kingo zililiwa kidogo na mashine, nikaunganisha laini kwa kalamu, nikaona si kitu. Tantine akagundisha, akapima, akaniangalia.

"Byamungu, iko paka sawa yangu!" Yaani ni sawasawa kabisa na yake.

Siku hiyo nilitembea Nyawera kama mtu aliyepewa mji.

Haikupita muda, Nsimire akapata kazi yake ya kwanza kubwa. Kwaya ya akina mama wa parokia yake, libaya kumi na nane za sikukuu ya parokia. Nikamtumia PDF, saizi tatu. Akaenda kuchapisha kwenye kibanda cha huko, akagundisha, akakata zote, akashona.

Jumanne akapiga simu. Nilikuwa kwa Tantine, simu ikawekwa sauti ya nje.

"Tantine, libaya zinabana."

"Ngapi?"

"Yote."

"Yote kumi na munane?"

"Yote, Tantine. Présidente wa kwaya aliinua mikono aonyeshe vile banachezaka, ikapasuka ku kwapa, kraa! Akaniuliza, mutoto, tutaimbia Mungu bila kupumua?"

Nilitaka kucheka. Tantine hakucheka.

"Na metre yako ya kupimia ilikuwa wapi? Ilienda kulima?"

"Nilifuata patron, Tantine. Nilikata juu ya laini."

"Patron yangu haidanganyake, Nsimire. Miaka yote hii."

Sauti yake ikatoka ndogo sana.

"Basi ni mukono yangu. Unisamehe, Tantine."

Simu ikakatika. Tantine akarudi kwenye mashine yake, akashona kwa hasira mpaka uzi ukakatika mara tatu.

Dakika chache baadaye simu yangu ikalia. Tantine hana WhatsApp, ujumbe wake wote unapitia kwangu. Nsimire alikuwa ametuma picha ya patron iliyogundishwa, ameweka metre juu yake, na ameandika: "Umuonyeshe Tantine, nilikata vizuri."

Nikaikuza ile picha. Pembeni ya laini ya mgongo, PDF yangu ilikuwa imeandika 52. Metre ilikuwa inasoma 49.

Wakuu, nikaikuza tena. Bado 49.

Nikaweka simu mfukoni. Sikumwonyesha.

Nikajiambia pengine metre imekunjamana, pengine picha imepigwa kwa upande, nichunguze kwanza. Mnajua mtu anavyojiambia.

Jumatano kibandani akaja baba mmoja na cheti cha ubatizo cha mwanawe. Akasema kile wanachosema wote: "Kijana, angalia isinikatie pembeni." Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukaenda kwenye dirisha la kuchapisha na kuweka alama pale penye *ajuster à la page*. Ile ya kuipunguza kazi iingie yote kwenye karatasi. Naifanya mara hamsini kwa siku. Wote wa kazi hii tunaifanya, kwa sababu mteja akiona ukingo umekatika anagomba.

Mkono ukasimama hapo hapo.

Kijana wa kibanda cha Kamituga aliona mchoro umefika mpaka ukingoni, akafanya kama mimi ninavyofanya. Kila sentimita mia zikarudi tisini na nne. Na kwa kuwa kurasa zote zilipungua sawasawa, ziliungana vizuri kabisa, laini kwa laini, hakuna cha kumshtua mtu. Kosa lilikuwa linakubaliana na lenyewe.

Na mimi ndiye niliyechora mpaka ukingoni. Mimi ndiye niliyempa kisa cha kubonyeza.

Mngesema nilikimbia Cimpunda siku ileile. Hapana. Niliogopa. Mtu ambaye hakumaliza shule, kitu chake cha kwanza cha kompyuta ambacho watu wamekisifu... Nilitaka kibaki kizuri siku moja zaidi. Nikalala nacho.

Alhamisi mchana Tantine akaniita.

"Kuja na telefone yako. Unaandikia ile présidente wa Kamituga."

Nikafungua simu. Akawa anapiga pasi huku ananitajia maneno.

"Andika: Maman Présidente, bonjour. Nsimire hashonake tena kwa jina yangu. Umeandika?"

Nilikuwa nimefika kwenye "Nsimire". Kidole kikagoma.

"Tantine, siandike ile."

"Juu ya nini?"

"Haiko Nsimire. Ni miye."

Nikamwonyesha picha. Nikamweleza kila kitu, vibaya, maneno yakigongana. Aliisimamisha pasi.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mardi, siku ile alipiga simu."

"Leo ni siku gani?"

"Jeudi."

"Ah, Byamungu."

Akanituma Nyawera nichapishe ukurasa mmoja mara mbili, kama nilivyofanya mimi na kama walivyofanya kule. Nikarudi mbio. Akaziweka moja juu ya nyingine, akazishika mlangoni kwenye mwanga. Laini mbili zilikuwa zinafuatana kama njia ya gari, hazigusani.

"Donc mutoto yangu alisema kweli," akasema. Taratibu tu. "Na miye nikamutukania mukono."

Akanipa macho. "Mupigie. Na telefone yako, hapana yangu."

Nikapiga. Nsimire alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku mbili, Byamungu?"

"Siku mbili."

"Unajua sijagusa mukasi tangu siku ile? Bwana yangu aliniomba nimukatie suruali ikuwe fupi, nikakataa. Nikasema, pengine hii mikono haijue tena."



Tantine akanyang'anya simu. "Nsimire, weye ni fundi. Umesikia? Miye njo nilikosa kukuamini. Sasa shika mukasi." Akamwelekeza kufungua mishono ya pembeni, kutoka kwapani mpaka kiunoni, na kuingiza kipande cha kitambaa cheusi upana wa vidole vitatu. Walikuwa wamebakiza siku tisa kabla ya sikukuu.

Libaya kumi na sita zilipona. Mbili hazikupona, na moja ya hizo ni ya présidente mwenyewe. Alivaa ya mwaka jana, akasema mbele ya kwaya nzima: "Mwaka ujao, mutoto, unanipima miye, hapana karatasi." Lakini alisema mwaka ujao. Nsimire alinirudishia maneno hayo kwa sauti ya WhatsApp huku analia na kucheka.

Kwa upande wa code, nilibadilisha mambo mawili. Nimeacha milimita kumi na tano tupu pande zote, asiwepo mtu wa kuona sababu ya kupunguza. Na kila ukurasa una mraba wa sentimita kumi kwa kumi, wa kupima kabla ya kushika mkasi.

Nilichojifunza, wakuu, si cha JavaScript peke yake. Kitu unachokitengeneza kinaenda mahali ambapo wewe haupo. Kikikosea huko, mtu aliye nacho mkononi hatakushuku wewe na kompyuta yako. Atajishuku yeye. Kwa hiyo kiende pamoja na kitu cha kukipimia. Na ukijua kosa ni lako, sema siku hiyohiyo, kwa sababu kuna mtu mahali fulani ameacha kushika mkasi.

Chini ya ule mraba nilikuwa nimeandika: "Pima hapa. Isipofika sentimita kumi, kosa ni la karatasi, si lako. Usikate."

Tantine akaomba nimsomee. Akafikiri.

"Karatasi haina jina," akasema. "Toa karatasi, weka jina yako."

Nikaweka. Sasa kila kibanda kinachochapisha patron za Faida kinasoma: kosa ni la Byamungu.

Wenye uzoefu wa PDF za kurasa nyingi, nisahihisheni, najua code yangu bado ina mashimo. Na kama nawe uliwahi kumwachia mwingine abebe kosa lako hata kwa siku mbili, karibu uandike hapa chini. Nitasoma zote.