Mgonjwa wa Kisiwani

Sisi wa Juba tukipanda basi kwenda Uganda, tunakwenda kwa moja kati ya mambo matatu: kutibiwa, kupeleka mtoto shule, au kuzika. Sababu ya nne haipo. Mimi nilijaribu kuileta, nikaombewa.

Nianze na nyumba yetu. Tunaishi mtaa wa Munuki, ndani ya ua wa mabati: mimi, mume wangu, watoto wetu na ukoo wake. Sisemi ndugu wawili watatu, nasema ukoo. Yuko binamu aliyekuja mjini kufuatilia kesi ya kiwanja. Kesi iliisha zamani, yeye hakuisha. Wako wapwa wanaosubiri kazi, na wanaisubiri wakiwa wamelala ili isiwakute wamechoka. Yuko mzee mmoja ambaye mpaka leo sijui anahusiana nasi kwa upande gani, na naona aibu kumwuliza kwa sababu amekula kwangu miaka mingi mno. Nilikulia ukimbizini Kenya, na shuleni Kitale tulifundishwa kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa ukimpa mgeni jembe atapanda mahindi nyuma ya choo na kukaa mpaka avune.

Mume wangu ni mtu mwema, na nikisema hivyo nalalamika. Hajawahi kumwambia ndugu yake hapana. Jambo la kuchekesha ni kwamba kazi yake ni kufundisha watu kusema ukweli. Shirika lake humtuma vijijini na makaratasi makubwa na kalamu za rangi, anawakalisha wazee wa pande mbili zilizouana, anawafundisha namna ya kumtazama mwenzako usoni na kutoa kilicho moyoni. Nasikia wazee hulia. Kisha anarudi nyumbani, anamkuta mpwa wake amelalia godoro letu, anaomba radhi na kwenda kukaa nje. Mganga hajigangi.

Basi nilitaka kitu kimoja tu: siku chache na mume wangu bila ndugu katikati. Sijawahi kuzipata tangu tuoane. Nilikuwa nimesikia habari za visiwa vya Ssese, kule Ziwa Viktoria, ambako unashuka basi, unapanda feri, na mwisho wake kuna mchanga mweupe na vibanda vya wageni vinavyotazama maji. Nilimwambia twende. Alikubali haraka, hata nikashangaa. Ndipo nikaweka sharti langu. Nilimwambia awaeleze watu wake mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba anakwenda kupumzika na mkewe kwa sababu anapenda kuwa naye. Nikisema mimi, nitakuwa yule mwanamke aliyemteka mtoto wao. Nilitaka sentensi hiyo moja kuliko nilivyotaka kisiwa chenyewe. Alisema hilo ni jambo dogo, nimwachie.

Wiki ile kabla ya safari, majirani walianza kuja. Wanawake wa kanisani waliingia kwa upole, wakaketi kwenye viti vya plastiki, wakanishika mikono. Mmoja alileta supu ya kwato. Nilidhani ni kuagana tu, watu wanatupenda. Baba Mkubwa wa mume wangu, kaka wa marehemu baba mkwe wangu, ndiye mkuu wa ukoo, na yeye alikuja kutoka mtaa wa Jebel kunitazama. Alinitazama kweli, toka kichwani mpaka miguuni, akatikisa kichwa, akanywa chai na kuondoka. Nilipokwenda dukani kwa Msomali wa kona, mtu wa Garissa ambaye hajawahi kunipunguzia hata bei ya chumvi, alinifungia tende na kukataa malipo. Akaniambia pole. Nikamwuliza pole ya nini. Nikamweleza kwamba mimi mzima kabisa, ninakwenda kisiwani kupumzika.

"Mama," alisema kwa huruma, "mficha maradhi kifo humuumbua."

Nikarudi nyumbani na tende zangu, nikimlaumu yeye na umbea wa Munuki. Kila nilipokana kuumwa, watu walizidi kuamini kwamba ninakufa. Ukweli ni kwamba nilianza kujipapasa tumbo.

Asubuhi ya safari tulikwenda Custom kupanda basi. Watoto tulikuwa tumewaacha na ule ukoo, siku yao ya kwanza kunifaa. Pale kituoni, kando ya mlango wa basi, alikuwa amesimama Shangazi, dada wa marehemu baba mkwe. Miguuni pake palikuwa na beseni, blanketi, chupa ya chai, furushi la samaki wakavu, na sigiri, yaani jiko lake la makaa, limefungwa kwa kamba kama mbuzi wa sokoni.

"Mimi natumwa na ukoo," alisema. "Hospitali ya kule, kama hapana mutu ya kupika, mugonjwa nakufa na njaa."

Anajua anachosema. Alikaa kambini Adjumani miaka mingi, ameuguza nusu ya ukoo katika hospitali za Uganda, na kweli kule mgonjwa asiye na ndugu wa kumpikia ana shida. Nilimgeukia mume wangu nimsikie akimweleza. Alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akainua ile sigiri na kuitia ndani ya basi.

Nani asiyelijua basi la kwenda Kampala? Karibu kila abiria ana bahasha kubwa ya eksirei mapajani. Watu husalimiana kwa viungo: huyu figo, yule mgongo, huyu mama mkwe wake ana jicho. Shangazi alinitangaza kabla hatujamaliza kutoka mjini. Sijui aliwaambia nina nini, maana yeye mwenyewe hakuambiwa, lakini ugonjwa usio na jina unaheshimiwa zaidi. Nilihamishiwa kiti cha mbele. Mzee mmoja mwenye bandeji shingoni alinipa mto wake. Nikaenda hivyo mpaka Nimule, nimekalishwa kama bibi harusi, na mume wangu nyuma amebanwa kati ya Shangazi na samaki.

Mpakani ndipo nilipojua. Afisa wa upande wa Uganda, mtu mpole tu, alichukua hati zetu na kuuliza tunakwenda kufanya nini. Nilifungua mdomo niseme kupumzika. Mume wangu akaniwahi.

"Matibabu ya mke wangu," alisema, haraka na vizuri, kama mtu aliyekwisha kuisema sentensi hiyo mara nyingi.

Nilinyamaza kuanzia hapo. Nilinyamaza Gulu, nikanyamaza tulipovuka daraja la Karuma na nyani wakatutazama madirishani. Niliumia. Si kwamba alisema uongo. Wanaume wangapi husema uongo. Niliumia kwa sababu kwake yeye ilikuwa rahisi zaidi kuniua kuliko kusema ananipenda. Abiria waliona kimya changu wakadhani maumivu yamezidi, na mzee wa bandeji akaanza kuniombea kwa sauti.

Tulilala Kampala, tukashuka Entebbe, na mchana tukaingia kwenye feri. Shangazi aliketi kwenye benchi, sigiri imepakatwa, akavaa jaketi la kuokolea kabla ya kuambiwa na hakulivua mpaka mwisho. Nilimvuta mume wangu mpaka kwenye ukingo wa nyuma, mahali ambapo hata yeye hakuwa na mpwa wa kumkimbilia.

Alijitetea. Alisema Baba Mkubwa alimwuliza kwa nini aende mbali namna hiyo kutafuta kisiwa na Gondokoro ipo hapo mtoni, unavuka kwa mtumbwi na kurudi na mboga. Alisema alitaka kuniambia. Alisema maneno yalimkwama, akaona aibu, na mara akasikia mdomo wake unasema mke wangu ni mgonjwa.

"Aibu ya nini?" nilimwuliza.

"Ya kukutaka wewe peke yako," alisema, akitazama povu.

Ilikuwa karibu kabisa na ile sentensi yangu, lakini aliisema mahali pasipo na mtu. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba tukirudi Juba atawaambia watu wake wote ukweli, siku hiyo hiyo, nami nikiwa nimeketi hapo nasikiliza. Asipofanya hivyo, nitaugua. Nitaugua kwa moyo wote, nitalala kitandani, na yeye ndiye atakayewapikia binamu, wapwa na yule mzee. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza safari nzima nikamwona ameogopa.

Kisiwani tulipokelewa na kijana wa kike aliyevaa shati jeupe, na Shangazi akamshika mkono akamwuliza wodi iko wapi. Yule binti alitazama sigiri, akatazama beseni, akatutazama sisi. Mume wangu akaanza kuchunguza mchikichi. Nikamwacha Shangazi aone mwenyewe, na haikumchukua muda. Aliona vibanda, viti vya kulalia mchangani, Mzungu mmoja amelala juani bila kuuguzwa na mtu yeyote. Akaweka mzigo chini.

"Ya binti, wewe iko na ugonjwa?" aliniuliza.

Nikamwambia sina, Shangazi, bwana wangu amenileta tu kupumzika. Nilingoja anifokee. Aligeuza macho yake ziwani.

"Bwana yangu napeleka mimi Uganda mara moja," alisema. "Kwa miguu. Bunduki iko nyuma." Akakaa juu ya beseni lake lililopinduliwa na kuvua viatu. "Kalas, basi. Wewe kaa na bwana yako. Mimi iko naangalia maji."

Akayaangalia siku zote tulizokaa pale, miguu yake ndani. Baba Mkubwa alipopiga simu kuuliza hali, yeye ndiye aliyejibu, na hakusema uongo hata kidogo. Alisema mgonjwa anakula vizuri, analala vizuri, na rangi imerudi. Wenye hoteli walimkatalia kuwasha sigiri karibu na vibanda, basi akaiwasha kwenye mchanga, na kufikia siku ya pili wapishi wao wenyewe walikuwa wanashuka kula samaki wake wakavu kwa mchuzi wa karanga.

Na sisi je? Chakula cha mchana cha kwanza tulikaa tukitazamana, hatuna la kusema. Kumbe miaka yote tulikuwa tunazungumza juu ya ndugu zake tu. Tukiwaondoa, mezani hakukuwa na mazungumzo. Nilitishika kidogo. Nikamwuliza amejifunza wapi kuogelea, maana asubuhi ile nilimwona ziwani na sikuwa nikijua kama anajua, akanisimulia mto wa utotoni kwake, na kaka yake ambaye sikuwa nimewahi kusikia jina lake. Alisimulia mpaka chai ya jioni. Nilicheka, nikalia, nikamsamehe nusu. Nusu nyingine niliihifadhi kwa ajili ya Juba.

Tuliporudi tuliikuta turubai imefungwa uani, viti vimekodiwa, mbuzi amechinjwa. Ilikuwa ibada ya shukrani ya kupona kwangu. Mchungaji alikuwepo, wanawake wa supu, na Msomali wa duka alisimama mlangoni kwa heshima. Nikaombwa nisimame nitoe ushuhuda. Nilisimama, nikasema kwamba habari hiyo anaijua zaidi mume wangu, nikaketi.

Akainuka. Nilimwona amelowa jasho mpaka kwenye ukosi. Nilidhani atasema Mungu ni mwema na kukaa, na nilikwisha kuanza kuchagua upande wa kitanda nitakaougulia. Lakini alimtazama Baba Mkubwa usoni, kama anavyowafundisha wazee wa watu, akasema kwa Kiarabu cha Juba ili kila mtu aelewe:

"Mke wangu hakuumwa. Nilidanganya. Nilimpeleka kisiwani kwa sababu nampenda na nilitaka kukaa naye, sisi wawili tu, bila ninyi."

Yule mzee nisiyejua upande wake aliweka chini mfupa. Nilimtazama Shangazi, naye alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Baba Mkubwa aliinuka polepole, akashika fimbo yake, akamkaribia mume wangu na kumwekea kiganja kwenye paji la uso, kama unavyompima mtoto homa.

"Imehamia kwake," alisema.

Mchungaji alikubali haraka kwamba mambo hayo hutokea, mwenye kuuguza huweza kubeba. Wakamzunguka. Walimwekea mikono kichwani, mabegani, kifuani, wale wapwa wakiwa mstari wa mbele, na Shangazi naye akaweka wake huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Waliomba kwa nguvu roho hiyo ya maradhi imtoke. Katikati ya ile mikono yote niliona jicho moja la mume wangu, liko wazi, linanitafuta.

Wakasema amina. Mimi peke yangu sikusema, maana sikutaka imtoke.