Fundo la Kuni Mikononi mwa Mume Wangu

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua kule Shume, enzi za Ujamaa, nilipomfunga mume wangu kama mzigo wa kuni. Usicheke, mwanangu. Sasa na wewe ni mke wa mtu, ndiyo maana nakuambia.

Baba Mwanaidi, siku hizo bado hajawa baba wa mtu, alikuwa mpasua mbao, mikono mikubwa kama miguu ya tembo. Msumeno wake ndio uliotulisha. Siku hiyo akanitania, "We unaweza kufunga kuni tu. Mimi huniwezi."

"Nikufunge kweli?"

"Funga!" Akacheka mpaka paa likatikisika.

Nikachukua kamba ya katani, nikamfunga mikono kwenye kitanda. Fundo letu la kuni, ukivuta linazidi kubana. Ukishuka nalo kutoka Magamba mlimani hadi Mnazi kule tambarare, hakidondoki hata kijiti. Akawa anapiga kelele, "Niache, nakufa!" huku anacheka. Nikajua ni mchezo tu.

Mara balozi wa nyumba kumi yuko mlangoni, "Hodi! Mbona shamba la kijiji hamjafika?" Nikatoka. Yule mzee ukimpa shikamoo moja tu anakusimulia tangu vita ya Mjerumani. Ndani mume wangu anaita, "Niache!" Nikadhani bado anatania.

Kurudi, vidole vimekuwa rangi ya zambarau, vimevimba kama ndizi. "Sivisikii," akasema. Hacheki tena. Nikavuta fundo, likabana zaidi. Nikaling'ata, wapi! Kisu chetu pekee nilikuwa nimemwazima shangazi yake, nyumba ya pili. Nikamtupia mume wangu blanketi, nikampita balozi mbio kama nafukuzwa na chui.

Shangazi akaja mwenyewe, akakata kamba. "Mambo yenu ya chumbani sina neno nayo, ni watu wazima na mmekubaliana. Lakini unamfunga mtu, unaenda kupiga soga? Kuni zina damu, mtoto we?" Akamgeukia mume wangu. "Na wewe, umelia uongo mara kumi. Ya kweli angeijuaje?"

Wiki nzima kidole gumba kina ganzi, msumeno umelala. Nikamlisha tonge kwa tonge, nalia na kucheka. Akapona, ashukuriwe Mungu.

Basi mwanangu, mkitaka kuchezeana hivyo, muulizane kwanza, na anayekataa asibembelezwe. Chukua kanga laini, fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, kidole kipite kati ya kanga na ngozi. Shingoni usiguse kabisa. Chagueni neno lisilo la utani. Sisi baadaye tulichagua "kabichi", na likitajwa tu, unafungua hapo hapo bila kuuliza. Mkasi uwe karibu. Mkishakunywa dengelua, ile pombe yetu ya miwa, laleni tu. Na ukimfunga mwenzio usitoke, hata balozi aite mpaka akauke sauti.

Mungu awape kitanda imara, kicheko kisichoisha, na mikono mizima ya kukumbatiana mpaka mzeeke.